Gia Nzito ya Kwenda Mkwaja

Chumbageni, Tanga
15 Februari 1987

Mkoi wangu Asmahani,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, na wazima maana yake hakuna aliyelazwa, mengine usiulize. Mamako, shangazi yangu Bi Mwatumu, yuko pale pale Mkwaja na anakataa kuhama. Mwezi uliopita nilimfuata na lori la mkaa nikamwambia aje mjini akae nami. Akaniuliza mjini kuna nini. Nikamwambia sukari imerudi madukani. Akasema miaka ile ya foleni alijizoeza chai bila sukari, na sasa sukari ndiyo inayomtia kichefuchefu. Nikarudi na lori la mkaa peke yangu. Msalimie shemeji Shehe.

Sasa lililonikalisha chini kuandika. Unamkumbuka Mzee Jivraj wa duka la misumari, mwenye banda ninamofanyia kazi tangu mwaka sabini na moja. Mwanawe Aslam amerudi kutoka Dubai na pikipiki ya matairi manne, ile ya michezo, unayoikalia kama punda na inayokwenda kama imeibwa. Siku hizi mwenye fedha zake nje analeta akitakacho, wala haulizwi kazitoa wapi. Aslam kaleta pikipiki, na juu yake kaleta wazo: banda langu liwe duka la spea. Alikuja na futi akapima ukuta mimi nikiwa chini ya lori. Nikamuuliza anapima nini. Akasema, "Mjomba Uweso, zama za fundi viraka zimekwisha. Kitu kikifa sasa kinanunuliwa kingine."

Fundi viraka. Mwaka themanini na mbili, mji mzima ulipokuwa hauna ringi moja ya pistoni, nani aliyefanya gari la maiti litembee? Nilichonga ringi kutoka bomba la maji. Mabasi ya kwenda Korogwe yalikuwa yanakwenda kwa breki nilizoshona kwa mpira wa tairi kuukuu. Wakati ule hakuna aliyeniita viraka. Waliniita daktari, na waliniamkia asubuhi mapema ili wasikute foleni. Leo bandari imefunguka kidogo, tayari kila mwenye kununua anajiona kuwa kajua. Nimesoma vitabu vingi, Asmahani, vya Waarabu na vya Wazungu, na sijaona pahali palipoandikwa kwamba kununua ni elimu.

Nikatoka chini ya lori, nikaenda moja kwa moja dukani kwa babake. Mimi nami ninayo pikipiki ya namna hiyo. Niliinunua kwa mzungu mmoja wa misitu pale Amani alipoondoka. Aliiangusha bondeni, ikakaa mwaka mzima chini ya mvua. Injini yake ni ya silinda moja, cc mia mbili na hamsini, sawa na ya Aslam. Nikamwambia mzee: tushindane. Akinishinda mwanao, nahama banda mwisho wa mwaka bila neno. Nikimshinda, nakaa miaka mitano na asije tena na futi. Mzee Jivraj akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua karatasi ya kufungia misumari akaandika: kutoka kivuko cha Bweni hadi msikiti wa Mkwaja, Jumapili moja kabla ya mwaka kwisha. Tukatia sahihi wote watatu.

Kwa hiyo nataka nguvu. Niletee pistoni ya kubana zaidi, kemshafti kali, kabureta kubwa kuliko zote ulizonazo dukani, na ekzosi ya wazi. Nataka Aslam asikie ninavyompita kabla hajaniona.

Ni mimi mtoto wa mjomba wako,
Uweso


Maskati
22 Machi 1987

Uweso, mtoto wa mjomba,

Barua yako imefika na alama ya kidole cha oili mgongoni, sikuhitaji kutazama jina la mtumaji. Waaleikum salaam. Mimi mzima. Shehe hajambo, ametoka. Joto limeanza mapema. Mwambie mama kwamba dawa ya magoti ipo njiani, na kwamba nikipata habari amepanda tena mnazi kwa ngazi nitamwandikia imamu.

Nimeisoma orodha yako mara mbili nikacheka mara moja. Kwa nini wanaume wote duniani mnaagiza kitu kile kile? Miaka kumi na miwili nimesimama nyuma ya kaunta hii. Vijana wa hapa hupanda vilima vya mchanga kila Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi wako mlangoni kwangu na vipande mkononi. Nimejifunza injini kwa kuwauliza swali moja tu: ilikuwaje kabla haijafa?

Sikuletei pistoni. Niambie kwanza petroli yenu ikoje. Pistoni ya kubana zaidi inataka petroli safi. Ukiipa chafu, moto unawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga kama mtu anabisha hodi, na asiyefunguliwa hatimaye huvunja mlango. Nimeona pistoni zenye tundu katikati unaloweza kupitisha kidole.

Kabureta kubwa nayo usiniambie. Injini inavuta pumzi na inatoa pumzi, ndiyo kazi yake yote. Kabureta kubwa ni mdomo mkubwa. Mwenye mapafu madogo ukimpa mdomo mkubwa hapigi mbizi zaidi, anameza maji zaidi. Anza na hewa: kichujio kinachopitisha hewa na kuzuia mchanga, ekzosi isiyoikaba injini, na jeti ya petroli ya kulingana na vyote viwili. Kisha kemshafti, hiyo inayofungua valvu, lakini ya kiasi. Hiyo kali unayoitaka inalala mizunguko ikiwa chini na kuamka ikiwa juu kabisa, na wewe hutakuwa juu kabisa muda wote, utakuwa kwenye mashimo.

Na njia ikoje? Umeniandikia habari za Aslam ukurasa mzima, habari za njia hukuandika hata mstari. Mimi nauza spea za mahali, siuzi spea za hasira.

Asmahani


Chumbageni
10 Mei 1987

Mkoi,

Nakuandikia nimefunga, kwa hiyo yale niliyokuwa nimekuandalia nimeyaacha mpaka magharibi, na magharibi nitakuwa nimeshiba na nimeyasahau. Ushukuru mwezi mtukufu. Shangazi anafunga na magoti yake, dawa imefika, na kuhusu mnazi anasema imamu mwenyewe ndiye aliyemwomba madafu.

Barua yako ilinichoma. Niliibeba siku tatu mfukoni nikiwaambia watu kwamba binamu yangu wa Maskati amekuwa mwoga kwa kuishi karibu na viyoyozi. Siku ya nne nikaenda kununua petroli, nikaimimina kiganjani. Petroli safi inaruka, unabaki na mkono mkavu na baridi. Hii iliacha utelezi na harufu ya taa. Wanachanganya mafuta ya taa, Asmahani, mchana kweupe, na mwenye kituo ananiambia tushukuru ipo. Tulishukuru ilipokuwa haipo, tushukuru ilipo ya uongo. Taifa hili litakufa kwa kushukuru. Lakini pistoni naifuta, na sisemi kwamba ulikuwa na haki. Nasema petroli ndiyo iliyokuwa na makosa.

Aslam yeye ameshatia pistoni ya kubana. Alikuja kuinyanyua mbele yangu kama pete ya uchumba. Sikumwambia kitu. Aliyesema kitu kikifa kinanunuliwa kingine, mimi ni nani nimzuie kununua?

Njia uliyoiuliza: kutoka Bweni ni udongo mwekundu kwanza, halafu mchanga mlaini maili kwa maili, halafu mbuga za ng'ombe, halafu mchanga tena. Lori hupita kwa kuomba dua. Basi nakubali orodha yako: kichujio, ekzosi, jeti za saizi nne nijaribu, kemshafti ya kiasi. Na kwa kuwa ni mchanga, naongeza kimoja ambacho wewe hukukitaja, uone kwamba huku nako kuna watu: sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, iwe ya gia nzito. Nzito kabisa. Ya zamani meno yake yamekuwa kama ya papa, haifai hata kwa ukumbusho. Bila gia nzito nimekwisha. Usikosee.

Shemeji Shehe ametoka kwenda wapi? Ulisema ametoka.

Uweso


Maskati
12 Julai 1987

Uweso,

Salamu, na Idi iliyopita iwe ya heri. Mimi mzima. Barua hii itafika na mzigo, kwa mkono wa msafiri wa Pangani anayerudi kwao. Ukimwona mpe chai, ni mtu mwema na anaumwa na meno.

Humo utakuta kichujio na kopo la oili yake, ekzosi, jeti nne, kemshafti. Halua ni ya mama, usiifungue. Sproketi za mashine yako nilikuwa nazo tatu. Nimezipandisha kwenye mizani ya dukani moja baada ya moja. Mbili ni za aluminiamu, nyepesi kama visahani. Ya tatu ni chuma kitupu, imezishinda zote mbili zikiwa pamoja. Hiyo ndiyo nzito kabisa, nimekupa hiyo. Sikuelewa uzito wa nini, lakini uliusisitiza mara tatu na mimi nakujua: ukikataliwa unaandika kurasa nyingi.

Nina shughuli za karatasi siku hizi, samahani kwa ufupi.

Asmahani


Chumbageni
23 Agosti 1987

Asmahani bint shangazi,

Mzigo umefika salama na msafiri wako nimemng'oa jino mwenyewe. Halua ilikuwa imefunguka njiani. Shangazi alipata robo tatu, na ukimuuliza yule wa meno atakwambia hawezi kutafuna.

Kemshafti imekaa kama ilizaliwa humo. Nilichonga kidogo upande wa kifuniko, nikapima valvu kwa kipande cha wembe, nikajaribu jeti moja baada ya moja mpaka plagi ikatoka na rangi ya kahawa ya maziwa, dalili kwamba petroli inaungua sawasawa. Injini inavuta tangu chini bila kukohoa. Nilipoiwasha, wauza samaki wa ng'ambo ya barabara walisimama. Sikuamini kwamba vitu vinne vidogo vinaweza kuibadili hivi. Haya, nimeandika; tunza ushahidi.

Sasa nishike moyo. Sproketi. Nimecheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaacha kucheka. Mwanamke wewe, umepima gia kwa kilo? Gia nzito si chuma kizito. Gia nzito ni ile ya kupandia mlima, ya nguvu, isiyo na mbio. Kila dereva anaijua. Ziko mbao barabarani zimeandikwa: shuka kwa gia nzito. Nilitaka meno mengi, arobaini na manne, lau ingekuwa ya karatasi. Umenipa meno thelathini na sita, machache kuliko yote. Hii ni gia nyepesi ya mtu anayekimbia kwenye lami. Nimeijaribu mchangani Tongoni: mashine inakwenda hatua tano, inazama, inazimika. Ya mbele siwezi kuipunguza, mnyororo unakwaruza. Sahani ya chuma ya kuchonga nyingine sina, na mwenye chuma hapa mjini ni Jivraj.

Ndiyo haya ya kukaa nje. Umeisahau lugha. Unaandika Kiswahili cha mamako wa mwaka sitini na tano na unadhani sisi bado tumo humo tunakungoja.

Siku ya mashindano imeachwa nichague mimi, Jumapili yoyote. Nafikiri nichague ya mbali kabisa, nipate muda wa kufungasha vyombo.

Barua yako hii hukumtaja Shehe kabisa.

Uweso


Maskati
27 Septemba 1987

Uweso,

Salamu kwa wote isipokuwa wewe.

Nilipanda meli nina miaka ishirini na moja. Mpaka siku ile sikuwa nimekaa mbele ya gari hata mara moja. Wanawake tulipakiwa nyuma na magunia. Nani angenifundisha maneno ya madereva? Nzito ni nzito. Mtungi mzito, mimba nzito, kauli nzito. Neno likizaliwa baada ya mimi kuondoka, si mimi niliyesahau, ni ninyi mliozaa bila kunipeleka habari. Miaka yote hii hapa, Uweso, nyumbani nimekataa kusema lugha nyingine. Shehe alinijibu kwa Kiarabu na mimi nilimjibu kwa Kiswahili, na ndivyo tulivyoishi mpaka hatukuishi tena.

Sasa umepata ulichokuwa unakichokonoa. Tumeachana tangu Mei. Hatukugombana. Alitaka kurudi Sur kwa nduguze na kuoa huko, mimi nikasema siwi wa pili mahali ambapo sikijui hata kisima. Eda imekwisha. Jengo la duka ni lake, spea zilizomo rafuni zimekuwa haki yangu, ndizo zile karatasi nilizokwambia. Mama hajui. Usinionee huruma kwa maandishi, una mwandiko mbaya.

Tuendelee. Nimekaa na kosa langu usiku kucha, mpaka likaacha kuwa kosa. Unasema meno thelathini na sita ni ya mtu anayekimbia kwenye lami. Basi tafuta lami. Wewe umezaliwa Chumbageni, mtoto wa mjini, unakwenda Mkwaja kwa lori la mkaa na unarudi kwa lori la mkaa. Ufukwe wetu unaujua kutoka juu. Mimi nimekulia pale. Bamvua la mwezi mchanga, maji yanapopwa mpaka mwisho, ufukwe kuanzia Bweni kwenda chini unakuwa mpana na mgumu, tulikuwa tunaviringisha mapipa juu yake na hayaachi alama. Mkono wa maji wa Kipumbwi unabaki magotini. Mchanga mlaini unaousema uko juu, kwenye njia ya malori. Je, karatasi ya Jivraj inasema mpite njia ya malori? Uliniandikia kutoka kivuko hadi msikiti. Mimi nauza vitu, nasoma karatasi vizuri.

Nimetazama kalenda. Mwezi unaandama karibu na Jumapili ya tarehe ishirini na mbili Novemba. Maji yatakuwa yamepwa kabisa yapata saa nne asubuhi. Ondokeni saa tatu. Muulize mama kama saa ni hiyo, lakini usimwambie kwa nini, atawaambia watu wote wa Mkwaja.

Funika kichujio kwa soksi, chumvi isiingie. Soksi safi.

Asmahani


Chumbageni
29 Novemba 1987

Asmahani,

Natanguliza uzima wa wote, na uzima wangu mimi mwenyewe ambaye mgongo wangu haukunjuki. Nina miaka arobaini na sita, na mtu wa umri huu anapaswa kukalia kiti.

Nimeamkia kukuandikia kwa mpango, maana ukianza mwisho hutasoma katikati. Tulivuka Pangani Jumamosi. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku mbili na njia ya malori ilikuwa uji. Mzee Jivraj alikuja na kiti chake cha kukunja, akakiweka kivukoni Bweni, karatasi yake mfukoni. Saa tatu akapunga leso. Aslam akaondoka kama amefyatuliwa, ekzosi yake inapasua masikio, akapanda kushika njia. Mimi nikageuka kushoto kwenda baharini. Nilimsikia mzee akiwaambia waliokuwepo, "Huyu amekasirika, anakwenda kuogelea."

Asmahani, kweli hapakuwa na alama. Ule mchanga ulikuwa kama sakafu ya saruji, mpana kuliko barabara yoyote ya Tanga, na mimi peke yangu. Nikapanda gia moja moja mpaka ya tano, na kwenye ya tano, kwa kile chuma chako ulichokipima kwa kilo, mbio hazikwisha. Aslam ana nguvu kuliko mimi, lakini nguvu zake alikuwa anachimbia udongo. Kipumbwi nilishuka. Maji yalikuwa magotini kama ulivyosema, ila ukingo wa pili ni mlaini, mashine ikazama na kuzimika, na pale nilikutukana wewe, Shehe, na aliyebuni magurudumu. Nikaisukuma. Wanawake waliokuwa wanaokota chaza wakanisaidia kusukuma, mmoja akaniuliza nakwenda wapi na hii. Nikamwambia msikitini. Akasema Jumapili?

Nilifika Mkwaja kabla ya saa nne na nusu. Shangazi alikuwa kibarazani anakula muhogo. Hakushangaa. Aliniuliza kwa nini nimevaa soksi moja, nyingine iko wapi.

Yeye ndiye shahidi, na ushahidi wake nauandika neno kwa neno, maana Mzee Jivraj alipofika na gari mchana alimuuliza kwa heshima zote. "Uweso kafika, kanywa maji. Nikamaliza muhogo wangu. Nikaswali dhuha. Nikalala kidogo. Ndipo yule mwingine akaja." Akauliza mzee, "Akaja kwa kasi, mama?" Akasema, "Kwa kasi ya trekta. Alikuwa amefungwa kamba nyuma yake."

Tundu la pistoni, mkoi. Nimelipima: kidole kinapita na pete yake.

Aslam alilalamika kwamba sikupita njia. Akasema mbele ya watu kwamba nimeiba. Hapo nilikuwa nimejiandaa; nilikuwa na hotuba niliyoitunga tangu Februari, yenye habari za wakoloni, foleni, na tabia ya kununua bila kusoma. Mzee Jivraj akanizuia kwa mkono. Akatoa karatasi, akampa mwanawe. "Soma." Aslam akasoma. "Njia imeandikwa wapi?" Aslam akaigeuza kutazama nyuma, mzee akaichukua. "Miaka arobaini nauza misumari Tanga. Mtu akiniambia nimempa pungufu, tunarudi kwenye karatasi. Karatasi ikisema kweli nami nasema kweli. Banda ni lake." Kisha akanigeukia. "Lakini, Uweso, mwanangu kanunua kitu kizuri kikamuua. Wangapi watanunua hivyo mji huu mwaka ujao? Nani atawaambia nunua hiki, hicho acha?"

Swali lake nakuandikia kama alivyolisema.

Hotuba yangu ilinikaa kooni mpaka Jumanne, Aslam alipoisukuma pikipiki yake hadi bandani. Alisimama mlangoni. "Mjomba, inatengenezeka?" Nilimwacha asimame kwa muda wa kikombe cha kahawa. Halafu nikamwambia aingize. Nitamtilia pistoni ya kawaida. Anakuja kila jioni kunitazama, na jana aliuliza valvu inapimwaje. Anauliza vizuri kuliko nilivyotarajia, jambo linaloniudhi.

Basi banda ni langu miaka mitano. Ni kubwa, sikuwahi kuliona lilivyo kubwa mpaka niliponusurika kulikosa. Ukuta wa kushoto wote mtupu, mkavu, haupigwi na mvua, na una dirisha linalotazama barabara. Nakueleza tu.

Uweso


Maskati
3 Januari 1988

Uweso,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kaunta imejaa wateja, nikawaambia wangoje. Mmoja akaniuliza kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna muhogo.

Nimefurahi kwa banda. Nimefurahi hata kwa Aslam. Kijana anayeuliza vizuri usimwambie kwamba anauliza vizuri.

Ukuta wa kushoto mtupu, mkavu, na dirisha. "Nakueleza tu." Wewe uliyejaza kurasa mbili kumtukana mwenye kituo cha petroli, ukifika kwenye neno lenyewe unanionyesha ukuta. Nitalisema mimi. Nimepata nafasi ya shehena kwenye meli ya mwezi wa Februari. Nakuja na rafu zangu zote: pistoni, jeti, vichujio, ringi, na hizo sproketi mbili nyepesi kama visahani. Nataka nusu ya banda, upande huo wa kushoto, na nusu ya kodi nailipa mimi. Siji kwa hisani, na siji kupika. Mteja akitaka kitu kisichomfaa, namkatalia, na wewe hutaniingilia. Mteja akitaka kuchongewa ringi ya bomba la maji, ni wako, na mimi sitacheka kwa sauti. Ijumaa hadi Jumapili nitakuwa Mkwaja kwa mama. Atapewa habari na mimi, si na wewe.

Rafu zina urefu wa futi saba. Pima ukuta kwa futi. Usipime kwa kilo.

Sharti la mwisho: nifundishe maneno yote ya madereva kabla sijafungua duka.

Asmahani


Chumbageni
7 Februari 1988

Asmahani,

Wote wazima. Shangazi anajua, alikuja mwenyewe na lori la mkaa kukagua ukuta, akasema dirisha ni dogo. Tumelipanua.

Ukuta ni futi nane kasoro. Masharti yako nimeyasoma kwa Mzee Jivraj naye ameyaandika kwenye karatasi ya misumari, sahihi yako inangojwa. Aslam amepaka chokaa upande wako, nami nimemsimamia kichwani.

Kibao kimeshaandikwa, kinakauka mlangoni: Asmahani na Uweso, Spea na Ufundi. Jina lako limetangulia kwa sababu ya alfabeti. Usije ukajivuna.

Uweso